Chupa Moja, Tupu

Mfuko wa saruji tumeupasua, tukaugeuza ndani nje,
na Fundi Lutengano, kwa penseli ya seremala,
akachora mstari mmoja uliopinda kama spoku iliyogongwa:
Njombe, Madaba, Songea, Namtumbo,
Tunduru, Masasi, halafu Lindi.
Baada ya Lindi akaulaza ubapa wa penseli, akasugua
hadi karatasi ikawa nyeusi.
"Hapa mnashuka," akasema. "Nchi imeisha."

Tuko sita kibandani, nyuma ya soko.
Ukungu umesimama mlangoni kama mdai.
Viazi vinatokota, na mikono yetu kumi na miwili
inagombea joto la jiko moja.

Zabron Sanga anataka siku saba;
duka lake halijawahi kufungwa, hata kwa msiba.
Edina Mlowe anataka kumi na mbili:
amepandisha magunia ya viazi kutoka Uwemba,
anajua goti hujibu nini likiulizwa mara nyingi.
Mwalimu Tulizo anauliza habari za tembo wa Tunduru,
anajibiwa, ananyamaza,
anauliza tena.
Onesmo yeye hahesabu siku. Anataka tu kuhakikisha
kama ni kweli kuna maji yasiyo na ng'ambo.

Mimi ndiye mweka hazina. Kaunta buku magotini, ninaandika:
tyubu kumi na mbili, solusheni, msasa,
pampu mbili (ya Zabron inavuja, isihesabiwe),
unga, chumvi, sufuria isiyo na mkono,
sweta za kuvaa hadi Songea
na mahali pa kuziweka baada ya Songea.

"Lukumburu," anasema Fundi, akigonga karatasi kwa ukucha.
"Hapa breki msizikamate kama mtu aliyeshika mali ya wizi.
Bana, achia. Bana, achia.
Mpira ukianza kunuka, simameni, mle ndizi."
Aliipita njia hiyo na mzigo wa mbao,
mwaka ule alipokuwa bado na magoti mawili.

Sheria tukazifunga kwa ubeti, maana ubeti
hausahauliki hata mtu akiishiwa pumzi.
Mwalimu Tulizo akaandika pembeni mwa ramani:

*Achokaye kilimani, aone heri kusema,*
*Wenye mbio mabondeni, wawasubiri wa nyuma,*
*Pancha moja, sote chini, hakuna wa kutazama,*
*Sita tutoke Njombeni, sita tufike salama.*

Tukapiga makofi. Fundi hakupiga.
Alikuwa akikaza nati ambayo haikulegea.
"Rekebisheni mstari wa mwisho," akasema. "Mimi siendi.
Goti limenitangulia kusema."

Hakuna aliyemenya kiazi.
Foniksi yake imeegemea ukuta, imepakwa mafuta
kila Jumamosi tangu Januari.
Mwalimu Tulizo akachukua penseli, akafuta *sita*,
akajaribu *watano*, akahesabu kwa vidole,
akahesabu tena.
Mizani imezidi moja.
*Sita* hutembea peke yake; *watano*
lazima wabebe *wa* yao mgongoni.
"Haikai," akasema, na sauti yake
haikuwa ya mtu anayesema habari za mashairi.

Basi Fundi, labda kutuonea huruma, akacheka.
"Nileteeni chupa ya bahari.
Nitaiweka dirishani mwezi wa saba, pamoja na ndoo ya kisima.
Asubuhi umande ukigeuka barafu juu ya majani,
ndoo naijua, itashika utando.
Nataka kuona maji ya chumvi
yatafanya nini kwa baridi ya kwetu."

Edina akanyakua penseli, akairudisha *sita* mahali pake,
akaikandamiza hadi saruji ya zamani ikadondoka.
"Chupa itahesabiwa," akasema. "Italala ndani tunapolala."
Zabron akauliza itabebwa na nani, na uzito wake kurudi.
Tukamzomea. Kisha tukabishana kweli itabebwa na nani.

Nje ukungu haujaondoka.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika, kabla ya tyubu,
kabla ya unga na chumvi:
chupa moja, tupu,
yenye kifuniko kinachobana.